Macho Yasiyoshtuka

Kampuni ile ya mabasi ilikuwa na desturi moja niliyoicheka tangu siku ya kwanza. Kila jioni, kabla mabasi ya usiku hayajatoka, madereva waliingia mmoja mmoja kwenye stoo ya matairi, mlango ukafungwa, taa ikazimwa, na msimamizi wa zamu akawamulika machoni kwa tochi. Bwana huyo alikuwa amehudhuria semina ya asubuhi moja kuhusu dawa za kulevya, akarudi na cheti na hiyo tochi. Huko aliambiwa kwamba mtu mwenye afya akiwa gizani mboni za macho yake hutanuka, na ukimmulika zinanywea papo hapo. Lakini mtumiaji wa unga mboni zake ni ndogo hata gizani, na mwanga ukizipiga hazishtuki. Hayo tu ndiyo aliyoyajua, na kwa hayo akajiona daktari. Madereva walimbandika jina la Tochi, na wakitoka stoo wanafikicha macho waliambiana, "Nimeshapigwa picha, bado pasipoti."

Mimi ni dobi. Sare za kampuni ile nilizifua na kuzipiga pasi mimi, ndiyo maana nilikuwa naingia yadi yao na kutoka kama kwangu, na mambo yao ya ndani nikiyajua. Mmoja wa madereva wale alikuwa mdogo wangu, toka nitoke, tuliobaki wawili tangu wazazi wetu wafariki. Wenzake walimwita Kumekucha, kwa sababu abiria wake walilala usingizi wa kweli na kuamka wamefika, jua ndiyo kwanza linachomoza. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyojionyesha.

Siku alipokamatwa nilikuwepo. Nilisimama kwenye kibaraza cha ofisi na furushi langu la mashati, nikisubiri mtu wa kunipokea. Kumekucha aliingia stoo, akakawia. Mlango ukafunguka, Tochi akachungulia nje, akafunga tena. Walipotoka, Tochi alikuwa amekunja uso.

"Basi lako leo litaendeshwa na mwingine," alisema, kwa sauti ya kusikika yadi nzima. "Macho yako gizani ni madogo kama punje ya ulezi. Namulika, hayashtuki. Nimerudia, ni yale yale."

"Nimechoka tu, bosi," mdogo wangu akajibu.

"Uchovu hauko hivyo. Haya mambo nimesomea."

Madereva wengine waliangalia viatu vyao. Hakuna aliyefungua mdomo kumtetea, watu ambao alikuwa akila nao sahani moja. Mimi mdomo wangu hauna breki na sijawahi kuutafutia. Niliangusha furushi pale pale sakafuni, mashati niliyoyanyoosha mwenyewe, nikamwendea Tochi.

"Huyu? Huyu hajawahi hata kushika sigara! Harufu ya pombe tu inampa mafua! Wewe na hicho kibiriti chako cha betri unamwita mtu mvuta unga mbele za watu?"

"Dada Dobi," alisema Tochi, taratibu, kama anayemsemesha mgonjwa, "wewe baki na mashati. Macho niachie mimi."

Ningemrukia kama mdogo wangu asingenishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wa mifupa mitupu, na nilishangaa kidogo, lakini hasira ilikuwa imenijaa na sikulifikiria zaidi.

Nilidhani angalau nyumbani kwake atapokelewa. Kumbe wifi yangu naye alikuwa na yake moyoni. Habari zilimfikia kabla mume hajafika, na alipoingia akakuta begi lake limeshawekwa mlangoni. Nilikwenda kumuuliza mwenyewe wifi, na alinijibu huku analia na huku anapepeta mchele kwa hasira, nusu ukimwagika chini.

"Wifi, mimi si mjinga. Anakunywa maji usiku kucha. Anatoka nje kila saa, nikimuuliza anafoka. Anakula anamaliza sufuria, na bado suruali zinamvuka. Mtu anakula hivyo na anakonda hivyo, ana nini kama si unga? Aseme ukweli kwanza, ndiyo arudi alale na wanangu."

"Ndiyo unavyomjua mumeo?"

"Wewe unamjua wa zamani," akasema. "Mimi nalala na huyu wa sasa."

Hilo lilinichoma.

Mdogo wangu akahamia kwangu. Nina vyumba viwili: cha mbele ndicho cha kazi, chenye meza ya pasi, kamba za nguo na dirisha dogo lililozibwa nusu na mashati ya watu, cha nyuma ndicho cha kulala. Alilala mbele, juu ya marobota ya mashuka. Asubuhi alinisaidia kuanika nje, na hapo ndipo nilipoanza kuona jambo. Kila alipotoka juani kuingia ndani, alisimama kizingitini. Hakuingia. Alisimama na kapu tupu mkononi, uso ameuelekeza ndani.

"Ingia bwana, au unangoja kukaribishwa na wapambe?" nilimtania.

Anacheka, anaingia akipapasa ukuta. Nilisema moyoni ni aibu, mtu aliyedhalilishwa mbele ya wenzake huwa mzito hata kuvuka mlango. Na jagi langu la maji halikukaa na maji tangu afike.

Nilimwambia, "Twende hospitali upimwe mkojo. Majibu yakitoka safi nakwenda kumpigia nayo Tochi mezani."

"Yaache yapite, Dada."

"Yapite? Jina lako lipo mtaani linapigwa mateke, unaniambia yapite?"

"Sitaki kupimwa."

Alisema bila kunitazama, na hapo shaka ikaniingia. Niliichukia shaka ile. Mtu ambaye hana kitu mwilini anaogopa nini kipimo? Nilipiga pasi shati lile lile mpaka likaanza kunukia moto.

Aliyemnyanyua si mimi, ni bintiye mdogo. Alipitia kwangu akitoka shule, akaweka mkoba wake juu ya meza, akaniuliza kwa uso mkavu kabisa, "Shangazi, kuvuta unga ni kuvuta vipi? Wenzangu wanasema baba anavuta, na mimi nikawaambia unga unasongwa, hauvutwi. Wakanicheka." Pazia la chumba cha nyuma likafunguka, baba yake akatoka ameshavaa viatu.

"Twende hospitali," akaniambia.

Tulipelekwa huku na huku mpaka tukaishia kwa daktari wa macho, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba. Majibu ya mkojo yalikuwa yametangulia mezani kwake. Unga hakuna, bangi hakuna, kidonge hakuna. Sukari tele. Ya damu ilikuwa juu kiasi kwamba muuguzi alipima mara ya pili akidhani mashine imeharibika.

Daktari alizima taa, akamwangalia mdogo wangu macho kwa muda mrefu na kijitaa chake, kisha akawasha na kutuambia polepole. Kisukari kikikaa mwilini muda mrefu bila kujulikana, alisema, kinaharibu mishipa midogo ya fahamu, na miongoni mwao ile inayoamrisha mboni. Mboni ni kama dirisha: penye mwanga mkali linafungwa, gizani linafunguliwa lote. "Dirisha lako limekwama karibu na kufungwa," alimwambia. "Ukimmulika mtu wa namna hii, mboni inajivuta kidogo tu na kwa uvivu. Ukimpeleka gizani haifunguki. Mtu asiyejua anaweza kufikiri ni mlevi wa kitu."

Niliruka kutoka kwenye kiti. Mungu anisamehe, nilipiga vigelegele ndani ya chumba cha daktari. "Ni sukari! Si nilisema? Ni sukari tu!" Daktari alinitazama juu ya miwani, na nafikiri hakuwahi kumwona mtu aliyefurahia kisukari.

"Sukari tutaishusha," alisema. "Ila mishipa iliyokwisha kuharibika huwa hairudi kirahisi. Unafanya kazi gani?"

"Namsaidia dada," mdogo wangu akajibu. "Tunafua nguo."

"Vizuri. Maana gizani huoni vizuri, najua unajua. Kama huwa unaendesha chombo chochote, usiku usiendeshe."

"Siendeshi," akasema.

Nilisikia. Masikio yangu ni mazima. Lakini siku ile nilikuwa na vita yangu, na niliona ni aibu tu, hataki daktari ajue alifukuzwa kazini. Nilichukua majibu, nikamwacha kwenye kituo cha basi, nikaenda yadini peke yangu.

Pale nilimaliza kiu yangu. Nilimkuta Tochi amewapanga madereva, nikayapeperusha majibu mbele ya pua yake na kuyasoma kwa sauti, na pale nilipokwama kwenye maneno ya kitabibu nilitunga yangu. Nilimwambia cheti chake akafungie karanga. Madereva walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tochi, lazima niseme, hakubisha. Alisoma majibu mwenyewe, akavua kofia.

"Nimemkosea," alisema. "Nilimchafua hadharani, nitamsafisha hadharani. Ijumaa atoke na basi lake la usiku, kama kawaida."

Nilirudi nyumbani natembea kama niliyeshinda uchaguzi. Wifi alikuwa ameshafika, amepiga magoti karibu na marobota ya mashuka, analia kwenye magoti ya mumewe, ameleta na sufuria ya chakula kisicho na sukari, maana aliambiwa njiani na kila mtu alishamfundisha la kwake. Bintiye alikuwa anampangia baba vidonge. Nililia na mimi. Kwa kweli nilijiona mtu wa maana siku ile.

Ijumaa mchana nilikuwa nimekaa mezani kwangu, pasi ya mkaa imesimama kando, imeiva. Nje jua lilikuwa kali. Mdogo wangu, aliyekuwa bado akinisaidia kazi mchana, aliingia kutoka kuanua nguo, akasimama kizingitini kama ilivyo kawaida yake, safari hii akaharakisha kwa sababu alikuwa anajiandaa kwenda kazini. Alikuja moja kwa moja, akanyoosha mkono kuegemea meza, na kiganja chake chote kikatua juu ya pasi.

Yowe lake silisahau. Nilimvuta mpaka kwenye ndoo, nikauzamisha mkono. Alipotulia alisema, "Kumbe ulikuwepo hapo? Nilidhani uko nyuma."

Nilikuwa mbele yake. Ningenyoosha mkono ningemgusa pua.

Wakati huo ndipo jibu lake kwa daktari lilipopata maana. "Kwa nini ulisema huendeshi?" nikamuuliza.

Aliuzamisha mkono zaidi ndani ya maji.

"Nimekuuliza."

"Kwa sababu usiku sioni, Dada."

"Toka lini?"

"Toka mwaka jana." Alisema kwa sauti ya chini, haraka, kama mtu aliyechoka kubeba. "Nikipata gari mbele yangu najikongoja, nafuata taa zake. Lakini nikipishana na lori lenye taa kali, likishapita, sina kitu. Giza tupu. Nashikilia usukani pale pale nilipouacha mpaka barabara irudi."

"Na abiria?"

"Wanalala."

Aliendelea, kwa sababu alipoanza hakuweza kusimama. Kuna usiku mmoja, alisema, aliegesha basi pembeni akawadanganya watu kwamba injini imechemka. Walikaa hapo mpaka kulipopambazuka, kisha akaondoka, na walipofika abiria mmoja mzee alimshika mikono yote miwili kumshukuru kwa uangalifu wake.

"Ndiyo maana hukutaka kupimwa," nikasema.

"Ndiyo."

"Basi leo huendi."

Alinyanyua uso. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na ni macho mazuri, ya mama yetu, hakuna mtu angeyaangalia akadhani yana tatizo. "Dada, nisikilize. Unga, mtu anaacha, anarudishwa kazini, watu wanampongeza. Mimi nitaacha nini? Ukisema hili, hakuna mwenye gari atakayenipa usukani tena, hata wa mchana. Sijui kazi nyingine. Dawa nimeanza, labda yatafunguka. Nipe muda kidogo. Wewe ndiye uliyenisafisha, usinichafue tena."

Nilimfunga mkono kwa kitambaa safi. Halafu nikampigia pasi shati lake la kazi, kola, mabega, mikono, kwa sababu sikujua lingine la kufanya na mikono yangu. Alilivaa, akaniaga, akatoka. Nilikaa. Nilijaribu kunyoosha shuka la mtu nikaliunguza. Nilimfikiria wifi na zile sufuria zake, na mtoto na vidonge vyake, nikasema nyamaza, usiku mmoja tu, kisha utaongea naye. Kisha nikamfikiria yule mzee aliyemshika mikono. Nikafunga duka.

Yadini basi lilikuwa limewashwa, mizigo inapakiwa juu, abiria wengi wameshakaa. Wifi alikuwepo na mtoto, wamekuja kumsindikiza, wamevaa nguo nzuri. Tochi alikuwa amewakusanya madereva na alikuwa anamalizia kusema maneno yake ya kuomba radhi, na mdogo wangu amesimama kando yake ameficha mkono wenye kitambaa nyuma. Watu walipiga makofi.

"Na kuanzia leo," Tochi alisema, "huyu haingii stoo. Macho yake yanajulikana ni ugonjwa, hakuna wa kumsumbua. Mshukuruni dada yake."

Wote waliniangalia. Wengine walianza kucheka wakitarajia nitoe neno.

"Usimpe basi," nikasema. "Haoni usiku."

Tochi akacheka. "Dada Dobi! Juzi ulitaka kunimeza nisipompa, leo nisimpe?"

"Dada anatania," mdogo wangu akasema, naye anacheka, na kicheko hicho kilikuwa kibaya kukisikia. "Mnamjua mdomo wake."

Walicheka. Ndiyo, walinijua. Nilisema tena, nikasema kuhusu malori na taa, na wifi akanivuta kwa mkono wa gauni. "Wifi, una nini? Tumetoka kupona juzi tu. Una wivu na sisi?"

Nilimgeukia mdogo wangu. "Wapakie," nikamwambia. "Mkeo na mwanao. Viti vipo. Kama unaona, nenda nao."

"Shangazi, kweli?" Mtoto hakungoja aambiwe mara mbili. Hajawahi kupanda basi la baba yake usiku, na alikuwa akililia hilo miaka yote. Alikimbia, akapanda ngazi, tukamwona anapita kati ya viti akigusa kila kimoja, mpaka akakaa kile cha mbele kabisa nyuma ya dereva, akatupungia mkono kupitia kioo.

Mdogo wangu alikuwa na funguo mkononi. Alimtazama mtoto. Tochi alikuwa bado anatabasamu, anasema hakuna shida, mtoto hatalipa, ni sherehe leo.

"Shuka," mdogo wangu akasema.

Mtoto hakusikia. Injini ilikuwa inanguruma.

"Shuka!" Alikwenda mbio mpaka mlangoni pa basi, akapiga ubavu wa basi kwa ule mkono ulioungua. "Shuka mama, shuka, shuka, nasema shuka humo!"

Mtoto alishuka analia, akidhani amekosea. Baba yake alimbeba na kumkumbatia, akamziba uso kifuani. Hakuna aliyecheka tena. Tochi alimtazama yeye, akanitazama mimi, akanyoosha kiganja, na mdogo wangu akamwekea funguo. Wifi alikuwa bado ameshika gauni langu. Nilihisi vidole vyake vinaachia kimoja kimoja.

Walipita mbele yangu kutoka nje ya geti, mdogo wangu na mtoto wake kifuani. Nilimwita kwa jina alilopewa na mama. Hakugeuka. Ndani ya basi abiria mmoja wa dirishani, aliyekuwa akitutazama tangu mwanzo, alisimama, akaanza kuteremsha begi lake.